Kufundisha maisha ya albatrosi ukiwa Goma: kamba, chupa ya nusu lita na mawe

Albatrosi hafiki Ziwa Kivu. Makao yake ni bahari kuu za kusini mwa dunia na Pasifiki ya kaskazini, na nchi kavu huigusa kwa ajili ya kuzaa tu. Mwalimu wa Goma basi hana wa kumwonyesha mtoto kwa kidole. Ana picha, na picha ina kasoro moja kubwa: inaonyesha mabawa, haionyeshi muda. Watoto hutoka darasani wakijua kuwa ni ndege mkubwa, bila kujua kuwa analea kinda mmoja kwa karibu mwaka mzima, na kwamba hesabu hiyo ndiyo inayomweka hatarini. Masomo yote yaelekezwe huko.

Mpango huu ni wa vipindi vinne vya dakika 50, kwa darasa la tano au la sita la shule ya msingi. Tafuta mita 4 za kamba ya katani, mkanda wa kupimia wa fundi cherehani, makatoni matatu makubwa, bidoni ya lita 20, chupa ya maji ya nusu lita, yai moja la kuku, punje 78 za mahindi, punje 278 za maharagwe, gramu 35 za chumvi, mti mwembamba wa mita 3, vitambaa vyepesi vitatu, chaki, na mawe 60 yanayotosha kiganja. Mawe hayana shida hapa mjini. Yale meusi ya volkano ni bora, kwa sababu chaki huonekana vizuri juu yake.

Kabla ya yote, sawazisha neno. Goma ni mji ambao hadi Januari 2025 ndege za abiria zilikuwa zikipita juu ya paa, na katika Kiswahili chetu cha kila siku wengi husema "ile ndege" kwa chombo na kwa kiumbe pia. Ukiagiza "choreni ndege mkubwa anayevuka bahari", wako watakaochora madirisha na magurudumu. Andika ubaoni "ndege huyu" na "ndege hii", waeleze tofauti, uendelee. Waambie pia kwamba albatrosi si aina moja: zinahesabiwa 22, katika makundi manne. Chagua mmoja wa kumfuata mpaka mwisho. Hapa tunamfuata yule mkubwa kuliko wote, ambaye wataalamu humwita Diomedea exulans. Tutamwita albatrosi msafiri. Huzaa kwenye visiwa vya mbali kama South Georgia, Crozet na Marion.

Kipindi cha kwanza: mabawa

Funga fundo kwenye mita 3.1 na jingine kwenye mita 3.5. La kwanza ni kipimo cha kawaida cha albatrosi msafiri kutoka ncha ya bawa moja hadi nyingine. La pili ni la wale wakubwa sana. Usitumie kamba ya nailoni: watoto wakiivuta inarefuka, na utajikuta una ndege wa mita 4. Pima kamba ikiwa imekazwa, si ikiwa imelala chini. Kisha simamisha watoto wawili wa miaka 12, mikono wazi, vidole vikigusana. Watafika karibu mita 3. Albatrosi bado anawazidi.

Sasa kata makatoni vipande vya upana wa sentimita 20, uviunganishe mpaka vifikie urefu wa kamba. Hapo watoto hushtuka, maana walitarajia kitu kipana. Bawa la albatrosi ni refu na jembamba mno. Watoe nje watazame mwewe wanaozunguka juu ya mji: mabawa ya mwewe hufika kama mita moja na nusu, lakini ni mapana kwa mwili wake, naye hupanda kwa hewa ya joto inayoinuka kutoka ardhini. Albatrosi hategemei hewa hiyo. Bawa lake limeumbwa kwa upepo mkali na mwendo wa kasi. Pinda katoni mahali pawili ili likunjwe kama herufi Z; ndivyo anavyolikunja akitua, na bila hivyo asingeweza kutembea.

Kuhusu uzito, kila mtoto wa hapa anajua bidoni. Jaza ile ya lita 20 nusu tu, mtoto aibebe kwa mkono mmoja. Ni kilo 10. Albatrosi msafiri ana kilo 6 hadi 12, na dume huwa mzito kuliko jike. Acha swali liningʼinie hadi kipindi kinachofuata: mzigo huu unakaaje angani saa nyingi bila kupiga mabawa?

Kipindi cha pili: upepo

Kipindi hiki ndicho kinachoharibika mara nyingi, na kosa huanza kwa sentensi moja: "upepo unambeba." Upepo hubeba jani, na jani huishia pale upepo unapotaka. Albatrosi huenda anakotaka, hata kama upepo unatoka huko huko.

Funga vitambaa vitatu kwenye mti wa mita 3: kimoja sentimita 20 kutoka chini, cha pili kwenye mita 1, cha tatu juu kabisa. Tafuta uwanja ulio wazi karibu na ziwa, wakati wa alasiri ambapo upepo wa ziwani huvuma kuja mjini. Asubuhi mara nyingi hewa imetulia, na utasubiri bure. Kuna sababu nyingine ya kutokwenda alfajiri: mazuku. Ile hewa nzito isiyo na rangi, isiyoweza kupumuliwa, hukusanyika usiku kwenye mashimo na mabonde madogo upande wa ziwa, na hubaki humo mpaka upepo uitawanye. Usikae na watoto kwenye shimo wala bonde, hata kwa dakika chache. Simama mahali pa juu.

Mti ukisimama wima, watoto wataona kitambaa cha chini kinalegea wakati cha juu kimenyooka. Kile cha kati kiko katikati ya hali hizo mbili. Ndilo somo lote: upepo karibu na ardhi, au karibu na maji, ni wa polepole, kwa sababu unakwaruzwa. Juu kidogo ni wa kasi. Ikiwa vitambaa vyote vimesimama sawasawa, umekaa karibu na ukuta au miti inayovuruga upepo; hama.

Albatrosi huishi kwenye tofauti hiyo. Akiwa chini, karibu na mawimbi, anageuka kuukabili upepo na kupanda. Kadiri anavyopanda anakutana na upepo wa kasi zaidi, na kasi hiyo inamwongezea nguvu badala ya kummaliza. Akifika juu anageuka, anashuka akiwa na upepo mgongoni, anapata mwendo mkubwa, anaingia tena kwenye hewa ya polepole iliyo chini, na kugeuka upya. Waambie watoto watembee njia hiyo uwanjani, mikono wazi, wakiinama wanaposhuka na kusimama wima wanapopanda.

Mfano wa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, husaidia, ila useme unaishia wapi. Chukudu ikishuka mteremko hupata mwendo wa kupandia kilima kidogo kinachofuata, na hapo mfano ni sahihi. Lakini kila kilima chukudu hupoteza kidogo, mpaka mtu ashuke asukume. Albatrosi hasukumi: anachopoteza kwa msuguano hulipwa na tofauti ya upepo kila anapopanda na kila anaposhuka. Mfano wa tiara uuache kabisa, kwa sababu tiara hushikwa na uzi.

Mambo mawili ya mwili yakamilishe maelezo. Begani ana kano inayolifunga bawa likiwa wazi, kwa hiyo msuli hauchoki kwa kulishikilia. Na moyo wake akiwa anateleza angani hupiga karibu sawa na anapopumzika. Kinachomchosha ni kuruka kutoka majini: lazima akimbie juu ya maji akiukabili upepo, akipiga mabawa kwa nguvu. Upepo ukikatika, hukaa majini akisubiri. Ndiyo maana mikanda ya bahari yenye utulivu, karibu na ikweta, ni kama ukuta kwa wengi wao, na ndiyo maana Atlantiki ya kaskazini haina albatrosi wa kuzaa leo.

Kipindi cha tatu: yai na chumvi

Chumvi iende haraka. Koroga gramu 35 katika lita moja ya maji, yaani vijiko viwili vya chakula vilivyosawazishwa. Huo ndio ukali wa maji ya bahari. Kila mtoto achovye ncha ya kidole na kuonja, asinywe. Albatrosi hunywa hayo. Juu ya macho ana tezi zinazochuja chumvi kutoka kwenye damu, na maji yenye chumvi kali hutokea puani yakadondoka kwenye ncha ya mdomo. Pua zake ni vijibomba viwili, kimoja kila upande wa mdomo. Pua hizo pia hunusa vizuri sana, jambo lisilo la kawaida kwa ndege: huweza kufuata harufu ya chakula kilomita nyingi. Chakula chenyewe ni ngisi, samaki, na mizoga inayoelea.

Sasa yai. Weka mezani yai la kuku na chupa ya nusu lita iliyojaa maji. Yai la kuku lina kama gramu 60. La albatrosi msafiri lina karibu nusu kilo, sawa na hiyo chupa, na hutagwa moja tu. Likivunjika, halibadilishwi, msimu umekwisha.

Kuku huatamia siku 21. Albatrosi msafiri huatamia kama siku 78, jike na dume wakipokezana, mmoja akikaa juu ya yai siku nyingi mfululizo bila kula huku mwenzake akitafuta chakula baharini. Kinda akitoka, hukaa kiotani kama siku 278 kabla ya kuruka. Wiki za mwanzo mzazi mmoja humlinda. Baadaye wote wawili huondoka, na kila mmoja hurudi kwa wakati wake kumlisha. Kinda hubaki peke yake kwenye theluji na upepo wa majira ya baridi ya kusini. Kuna miezi anayokuwa mzito kuliko wazazi wake, na mafuta hayo ndiyo akiba yake. Akikaribiwa na adui hutapika mafuta ya tumboni kwa kishindo, yenye harufu kali.

Usiyaseme haya tu. Siku ya kwanza ya masomo, mwezi wa Septemba, weka chupa tupu ya mdomo mpana dirishani. Kila siku, pamoja na Jumapili na sikukuu, iingie punje moja: kwanza mahindi 78, kisha maharagwe 278. Siku za mapumziko zilipwe Jumatatu, na mtoto mmoja awe na daftari la hesabu, maana punje zikirukwa wiki mbili chupa haisemi kweli tena. Ukianza tarehe 1 Septemba, mahindi yataisha katikati ya Novemba. Hapo kinda anatoka. Krismasi, Pasaka, mvua za Aprili, mitihani: bado yuko kiotani. Shule inafungwa mwanzoni mwa Julai, na maharagwe karibu hamsini yatakuwa bado mkononi mwako. Mwaka wa shule umekwisha, kinda hajaruka. Acha watoto waone hilo kwa macho yao, usiwatangulie. Ukihifadhi maharagwe, changanya majivu kidogo; yakitobolewa na wadudu hesabu itaharibika.

Kwa kuwa malezi hula mwaka mzima, wazazi waliofanikiwa hupumzika na kubadilisha manyoya, kisha huzaa tena mwaka unaofuata. Yai moja kwa miaka miwili. Na kijana anayeruka hukaa baharini miaka kadhaa bila kugusa nchi kavu. Akirudi kisiwani huanza kujifunza ngoma ya uchumba, mabawa wazi, mdomo ukielekezwa juu na kugongwagongwa, na kwa kawaida huzaa mara ya kwanza akiwa na umri wa kama miaka 10. Wawili wakishapatana hukaa pamoja miaka mingi.

Polepole hii hulipwa kwa maisha marefu. Mfano bora ni jike wa aina nyingine, albatrosi wa Laysan, anayejulikana kwa jina la Wisdom. Alivishwa pete mguuni mwaka 1956 na Chandler Robbins kwenye kisiwa cha Midway, akiwa tayari mtu mzima, na mwishoni mwa 2024 alitaga tena. Mwambie mtoto ahesabu: bibi yake alizaliwa lini?

Kipindi cha nne: mawe

Hapa ndipo utumie nguvu zako zote. Chora duara kubwa sakafuni na kando yake mistari 10 iliyofuatana, kama ngazi. Ndani ya duara weka mawe 20: hao ni wazazi, jozi 10. Kwenye kila mstari weka jiwe moja: hao ni vijana walio baharini, kuanzia wa mwaka mmoja hadi wa miaka 10. Mawe 30 yaliyobaki ni akiba.

Kila mzunguko ni mwaka mmoja. Kwanza toa jiwe moja kwenye duara, kwa sababu kwa kawaida mtu mzima mmoja kati ya 20 hufa kila mwaka. Kisha sogeza kila jiwe la mistarini hatua moja mbele. Lililokuwa mstari wa 10 linaingia duarani. Mwisho, weka mawe matatu mstari wa kwanza: nusu ya jozi zilitaga, na makinda watatu waliruka. Mara hiyo hiyo ondoa mawili, kwa kuwa wengi wa vijana hawafiki umri wa kuzaa. Namba zimerahisishwa ili mchezo uende, lakini uwiano wake ni wa kweli. Waliokufa wakae kwenye rundo lao mbele ya darasa; akiba ikiisha, chukua mawe humo.

Cheza mizunguko mitano. Duara linabaki na mawe 20. Watoto wataanza kuchoka, na hiyo ni dalili njema: wameona kwamba mambo yakiwa sawa hakuna kinachobadilika.

Sasa ingiza ndoana. Eleza kwanza, maana uvuvi wa Kivu hauna kitu hiki: wavuvi wetu wa sambaza hutumia nyavu na taa usiku. Baharini kuna meli zinazotandaza kamba moja ndefu ya makumi ya kilomita, yenye maelfu ya ndoana zilizotiwa chambo cha ngisi au samaki. Chambo kikiwa bado juu ya maji, albatrosi hukimeza, ndoana humshika, kamba inazama naye. Kwa hiyo kila mzunguko toa mawe mawili badala ya moja. Duara likishuka chini ya mawe 15, wazazi hawatoshi tena: jiwe jipya la mstari wa kwanza liwekwe mzunguko mmoja na kurukwa unaofuata. Cheza mizunguko 10. Duarani watabaki 10.

Kisha ondoa ndoana, uendelee mizunguko mingine 10. Kwa kuwa wazazi ni wachache, kifo cha kawaida nacho kiwe kimoja kila baada ya mizunguko miwili. Waulize kabla ya kuanza watabaki wangapi. Wengi watasema 20. Watapata 12 au 13, kutegemea mzunguko mlioanza kuruka. Sababu iko mistarini: nafasi zilizoachwa wazi miaka ya ndoana ndizo zinazofika duarani sasa. Linganisha na sambaza, samaki wa maisha mafupi na mayai mengi, ambaye akipewa nafasi hujaa tena upesi. Kwa albatrosi, kumpoteza mtu mzima mmoja ni pia kumpoteza kinda wa mwaka huo, kwa sababu mzazi mmoja peke yake hawezi kumlea, na mjane huchukua muda mrefu kupata mwenzi.

Mchezo ukiharibika, mara nyingi ni kwa kugeuza mpangilio: watoto huweka makinda kabla ya kusogeza mistari, na mstari wa kwanza unajaa mara mbili. Andika ubaoni "toa, sogeza, weka", na mtoto mmoja ayaseme kwa sauti kila mzunguko.

Usiache darasa kwenye huzuni, maana dawa ipo na inafanya kazi. Tia chambo viwili vya kitambaa kwenye beseni la kina kirefu, kimoja kitupu, kingine kimefungwa nati ya chuma. Kile cha nati kinazama kabla ndege hajakiona. Dawa ya pili ni kutandaza kamba usiku, na ya tatu ni kukokota nyuma ya meli kamba zenye riboni zinazopepea ili kuwafukuza. Afrika Kusini, kwenye meli za kukokota nyavu ambazo waya zake zilikuwa zikiwagonga ndege, kamba hizo za riboni zilipunguza vifo vya albatrosi kwa 99%.

Dakika kumi za mwisho ni za Torishima, kisiwa cha Japani ambacho ni volkano hai. Watoto wa Goma hawahitaji kuelezwa maana ya hilo. Huko huzaa albatrosi mwenye mkia mfupi, kwenye miteremko ya majivu. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 watu waliwaua kwa mamilioni, wakiuza manyoya yao. Mwaka 1902 volkano ililipuka na kuwaua wakazi wapatao 125 waliokuwa kisiwani. Kuwinda kuliendelea baadaye, na mwaka 1949 ikatangazwa kwamba ndege huyo ametoweka. Mwaka 1951 walionekana kama 10.

Uliza walitoka wapi. Usijibu, elekeza tu macho yao sakafuni, kwenye mistari. Huwa kuna mtoto anayeona: vijana walikuwa baharini. Hawakuwapo kisiwani walipokuja wawindaji, wala volkano ilipolipuka. Walirudi umri wao ulipotimia. Leo wamefika maelfu, na kwa kuwa Torishima bado inaweza kulipuka, kati ya 2008 na 2012 Wajapani walihamisha makinda 70 hadi kisiwa cha Mukojima, kilomita kama 350 kusini, wakawalisha kwa mkono mpaka waliporuka, kwa kuwa albatrosi hurudi kuzaa pale alipokulia.